Baba alifariki kwa saratani ya tumbo, nami nina H. pylori: nifanye nini?

SWALI: Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Moshi. Baba yetu alifariki mwaka jana kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 61. Baada ya msiba nilipima damu nikaambiwa nina bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori. Nikapewa dawa za siku 7, nikamaliza zote. Miezi miwili baadaye nikarudia kipimo cha damu, bado kinaonyesha ninaye. Jirani ananiambia kuna hata kirusi kinacholeta saratani hiyo. Je, ugonjwa wa baba ulitokana na maambukizi? Nami nitaupata? Nyumbani tupo na mke wangu, watoto wawili na mama. Tutenganishe vikombe?

JIBU: Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Naomba nianze na jambo unaloweza kulirekebisha wiki hii hii: kipimo cha damu ulichorudia hakina uwezo wa kukujibu. Kile kikasha kidogo chenye mistari miwili hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana naye. Bakteria akishakufa, kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, pengine miaka. Kwa hiyo aliyepona kabisa na ambaye dawa zilimshinda wote wataona mistari ileile miwili. Wengi hunaswa hapo: wanapewa dozi juu ya dozi kwa sababu ya jibu lisilobadilika, na kila dozi isiyo ya lazima inawapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Usinunue dawa nyingine kwa jibu hilo.

Sasa kuhusu mzee. Kwa uwezekano mkubwa, ndiyo, maambukizi yalihusika. Ukiacha saratani zinazoanzia juu kabisa, pale tumbo linapopokea umio, takriban 9 kati ya 10 za tumbo duniani zinahusishwa na Helicobacter pylori. Bakteria huyu alioteshwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile la moshi wa sigara.

Ushahidi ulionyooka zaidi ulitoka Japani mwaka 2001. Watu 1,526 walipimwa kwa kamera inayoshushwa tumboni kupitia mdomoni na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.8. Kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 ambao hawakuwa naye, hakuna hata mmoja. Lakini zisome namba hizo kwa upande wa pili pia: zaidi ya watu 1,200 walikuwa naye na hawakupata saratani. Kwa maisha yote, kati ya watu 100 wenye H. pylori, ni 1 hadi 3 ndio wanaofikia huko. Kwako hatari iko juu kidogo, kwa sababu mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa wa saratani ya tumbo huwa na hatari mara 2 hadi 3 ya watu wengine. Sehemu ya ongezeko hilo ni damu ya ukoo, na sehemu ni kwamba familia moja hula chungu kimoja na kuambukizana bakteria mmoja.

Ili uelewe kwa nini muda ni muhimu kuliko hofu, angalia anavyofanya kazi. Asidi ya tumbo huua karibu kila kijidudu kinachomezwa. H. pylori ana umbo la kujizungusha kama parafujo, urefu wake ni kama sehemu 3 za elfu ya milimita, na ana mikia ya kuogelea. Anabeba kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachovunja yurea na kutoa amonia. Amonia inaizima asidi pale pale alipo, na ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo unalegea mbele yake. Anaupenya hadi karibu na seli, mahali ambapo asidi haifiki vizuri wala dawa hazifiki kirahisi, na bila tiba atakaa humo kwa miongo.

Aina zake hazilingani kwa ukali. Zile zenye kundi la jeni liitwalo cag hujenga kitu kama sindano, huichoma seli ya tumbo na kuingiza protini ya CagA. Ikiwa ndani, protini hiyo huvuruga amri za seli: seli inarefuka, inaachana na jirani zake na kugawanyika bila utaratibu. Hata hivyo madhara makubwa yanatokana na uvimbe usiokwisha, yaani mwili kupigana miaka 30 au 40 na adui asiyeondoka. Kwanza ukuta wa tumbo unawaka. Kisha tezi zinazotoa asidi zinafifia na ukuta unakonda. Kisha ukuta wa tumbo unaanza kufanana na wa utumbo mdogo, kana kwamba mwili umeamua kubadilisha sakafu. Baadaye seli zinaanza kukaa ovyo, na mwisho kabisa ni saratani. Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa vipande vya mwili kwa darubini) kutoka Colombia, alizieleza hatua hizo na wenzake mwaka 1975, kabla ya bakteria mwenyewe kujulikana.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Vidonda vya tumbo si vyote vinavyoelekea kwenye saratani. Bakteria akikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo, asidi huongezeka na mtu hupata kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo. Watu hao hatari yao ya saratani ni ndogo. Katika utafiti wa Japani, wagonjwa 275 wa kidonda cha aina hiyo hawakupata saratani hata mmoja. Uvimbe huo wa kuwaka (si uvimbe wa saratani) ukitanda kwenye mwili wote wa tumbo, yaani sehemu yake kubwa ya kati, asidi hupungua, kiungulia kinaweza hata kutulia, na huyo ndiye wa kuangaliwa. Kwa hiyo kutoumwa tumbo hakumaanishi kuwa salama, na mtu anayejinunulia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, miaka nenda rudi bila kupima anaweza kuwa ananyamazisha kengele huku uvimbe ukisogea kuelekea sehemu ya juu.

Umetaja Moshi, na hilo nalo lina maana. Saratani ya tumbo inaonekana zaidi kwenye nyanda za juu: Kilimanjaro, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Congo, kusini magharibi mwa Uganda, na Bomet huko Kenya. Pwani inaonekana kidogo, ingawa bakteria yuko kote. Colombia wana hali kama hiyo: mji wa Túquerres ulio juu milimani una saratani ya tumbo nyingi kupita Tumaco ya pwani kwa takriban mara 25, na katika miji yote miwili watu wengi wanaye H. pylori. Watafiti walipochunguza jeni za bakteria na za wakazi, walikuta kwamba asili ya bakteria inapotofautiana na asili ya mwenyeji wake, madhara huwa mabaya zaidi. Huko Tumaco wakazi wengi wana asili ya Afrika, na bakteria walio nao pia kwa sehemu kubwa wana asili ya Afrika, wamezoeana. Kwenye mizani hiyo ongeza chumvi nyingi, vyakula vilivyokaushwa kwa moshi na uvutaji sigara, ambavyo vyote huongeza hatari kwa mtu mwenye bakteria.

Jirani yako naye hajakosea kuhusu kirusi. Kinaitwa Epstein-Barr, na historia yake imeanzia karibu na sisi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda mwaka 1958. Anthony Epstein alimsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe huo visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona kwa darubini ya elektroni. Mwaka 1990 kikakutwa pia ndani ya baadhi ya saratani za tumbo. Leo tunajua kwamba kati ya saratani 100 za tumbo, takriban 8 hadi 10 zina kirusi hiki ndani ya seli zake. Karibu seli zote za uvimbe huwa nacho, na ni nakala ya kirusi kimoja, dalili kwamba kiliingia tangu uvimbe ulipokuwa seli moja au chache. Kinafunga jeni nyingi za seli, zikiwemo zile za breki zinazozuia kugawanyika. Aina hii huwapata zaidi wanaume, hukaa zaidi sehemu ya juu na ya kati ya tumbo, na wagonjwa wake kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wa aina nyingine.

Lakini wewe hapo huna la kufanya, na nakuomba usitumie pesa kupima kirusi hicho kwenye damu. Zaidi ya watu wazima 90 kati ya 100 wanacho, wengi walikipata kwa mate utotoni, na wengi mno hakiwadhuru kabisa. Chanjo yake haipo hospitalini, wala dawa ya kukifuta mwilini. Kipimo chake kina faida kwa mgonjwa ambaye tayari ana saratani: kipande cha uvimbe hupimwa kwa njia iitwayo EBER, na kikikutwa na kirusi, dawa za kuamsha kinga dhidi ya saratani huwa na nafasi nzuri zaidi ya kufanya kazi. Bakteria ndiye adui unayeweza kumwondoa. Tumalizane naye.

Fanya kipimo cha pumzi au cha antijeni (chembe za bakteria mwenyewe) kwenye choo. Kwa kile cha pumzi unakaa bila kula kwa saa 4 hadi 6, unapuliza kwenye mfuko, unakunywa maji yenye yurea iliyowekewa alama ya kaboni, kisha baada ya dakika 20 hadi 30 unapuliza tena. Bakteria akiwepo, yurease yake itaivunja ile yurea na kaboni yenye alama itatoka kwenye pumzi. Kipimo cha choo ni rahisi kupatikana na kwa bei kinavumilika. Hakikisha tu maabara inatafuta antijeni kwenye choo chenyewe. Peleka choo cha siku hiyo hiyo, kisikae juani. Vipimo vyote viwili huharibiwa na dawa: acha omeprazoli na ndugu zake wiki 2 kabla, na antibiotiki au bismathi (dawa nyingine ya tumbo) wiki 4 kabla. Usipofanya hivyo utaambiwa huna, kumbe amejificha tu. Kama kiungulia kinakusumbua katika wiki hizo 2, dawa za kutafuna za kutuliza asidi zinaruhusiwa.

Bakteria akikutwa bado yupo, usishangae. Siku 7 ni chache. Mapendekezo ya sasa ni siku 14. Pia huenda ulipewa klarithromaisini pamoja na amoksilini na omeprazoli. Mchanganyiko huo ulifanya kazi vizuri zamani, ila bakteria wenye usugu wa klarithromaisini wameongezeka, na usugu ukizidi asilimia 15 katika eneo haupendekezwi tena bila kupima kwanza. Klarithromaisini ikishashindwa mara moja, usiirudie. Angalia karatasi au maganda ya dawa ulizotumia na umpelekee daktari. Taarifa hiyo ina thamani kuliko unavyodhani.

Chaguo linaloaminika zaidi baada ya hapo ni mseto wa dawa nne kwa siku 14: omeprazoli miligramu 20 au 40 mara 2 kwa siku, nusu saa kabla ya chakula, bismathi mara 4, tetrasaiklini miligramu 500 mara 4, na metronidazoli miligramu 400 hadi 500 mara 3 au 4. Usugu wa metronidazoli Afrika ni mkubwa sana, lakini kwa dozi kamili, ikisaidiwa na bismathi, bado inasaidia. Dozi ikipunguzwa, faida hiyo inapotea. Vidonge ni vingi kweli. Kama tetrasaiklini unayopata ni ya miligramu 250, hiyo peke yake ni vidonge 8 kwa siku. Andika saa kwenye karatasi, ibandike jikoni, weka alama kila unapomeza. Tiba hii hushindwa zaidi kwa sababu mtu aliruka dozi siku ya tano alipoanza kusikia kichefuchefu.

Tarajia ladha ya chuma mdomoni na choo cheusi. Weusi wa bismathi hauna harufu mbaya wala haunati kama lami. Ukiwa wa lami, wenye harufu kali, na unasikia kizunguzungu, hiyo ni damu, nenda hospitali siku hiyo. Pombe iache kabisa wakati wa metronidazoli na siku 3 baada yake. Tetrasaiklini usiinywe pamoja na maziwa au vidonge vya madini ya chuma, imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, na haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8. Mwenye mzio wa aspirini amwambie daktari kabla ya bismathi, kwa kuwa aina mojawapo ina kemikali ya jamii hiyo. Bismathi ikikosekana dukani, daktari ana michanganyiko mingine, usiibuni mwenyewe. Kisha, wiki 4 au zaidi baada ya kidonge cha mwisho, rudia kipimo cha pumzi au choo. Bila hatua hiyo hujui kama umetibiwa.

Je, inasaidia kweli kwa mtoto wa mgonjwa kama wewe? Swali hilo hilo lilipimwa Korea Kusini, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Watu 1,676 wenye H. pylori, ambao mzazi, ndugu au mtoto wao aliugua saratani ya tumbo, waligawanywa makundi mawili: dawa halisi, au vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka 9, waliopata saratani walikuwa 10 kwa kundi la dawa na 23 kwa kundi jingine. Ukiangalia walioondokewa na bakteria kabisa, ilikuwa asilimia 0.8, dhidi ya asilimia 2.9 kwa waliobaki naye. Ona kwamba haikuwa sifuri. Ukuta wa tumbo ukishageuka kuwa kama wa utumbo, kumwondoa bakteria kunapunguza hatari bila kuifuta.

Ndiyo maana kwako nashauri kamera mara moja, hata kama huumwi. Wataalamu wengi huanza kwa ndugu wa mgonjwa wakiwa na miaka 40 hadi 45, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, nawe unakaribia. Unakaa bila kula kwa saa 6 hadi 8, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, na shughuli yenyewe ni dakika chache. Kabla hujalala kitandani, omba wachukue vinyama, yaani vipande vidogo vya ukuta wa tumbo, hata kama tumbo linaonekana zuri kwa macho: viwili sehemu ya chini, viwili mwili wa tumbo, na kimoja kwenye kona kati yao. Vya sehemu ya chini na vya mwili wa tumbo viwekwe kwenye chupa tofauti zenye lebo. Vikichanganywa, mtaalamu wa patholojia hawezi kusema mabadiliko yametanda wapi, na hilo ndilo linaloamua urudi lini. Kinyama kingine, kidogo kuliko punje ya mchele, kinaweza kuwekwa kwenye jeli ya njano yenye yurea. Bakteria akiwepo, jeli inageuka waridi, wakati mwingine kabla hujavaa viatu. Ripoti ikionyesha mabadiliko yaliyotanda, kamera hurudiwa kila miaka 3, na kwa mwenye historia ya familia kila mwaka 1 hadi 2. Ukuta ukiwa salama na bakteria ameondoka, ratiba hiyo haikuhusu.

Kuhusu vikombe, msitengane. Saratani yenyewe haiambukizi, na bakteria huyu hupatikana zaidi utotoni, kutoka kwa mama au ndugu, kwa mate, matapishi na choo. Mtoto asitafuniwe chakula, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo, maji ya kunywa yachemshwe. Mama na mkeo wapimwe kwa kipimo cha choo, na wakikutwa naye watibiwe wakati mmoja nawe ili msirudishiane. Watoto wasio na dalili waacheni; wanaambukizwa tena kwa urahisi na dawa zenyewe zina uzito wake kwao.

Usisubiri ratiba yoyote ukiona unapungua uzito bila sababu, chakula kinakwama, unashiba kwa matonge machache, unatapika mara kwa mara, au unaambiwa damu imepungua.

Na jambo la mwisho: tafuteni ripoti ya patholojia ya mzee hospitali alikotibiwa. Ina mstari unaotaja aina ya saratani. Ikiwa ni ile ya seli zilizotawanyika bila kutengeneza tezi, na katika ukoo yupo mwingine aliyeipata akiwa chini ya miaka 50, au mwanamke aliyepata saratani ya matiti ya aina ya lobula (inayoanzia kwenye tezi za maziwa), hapo kuna uwezekano wa jeni ya kurithi iitwayo CDH1. Hiyo haisababishwi na bakteria na haiondoki kwa vidonge, kwa hiyo daktari anayekufanyia kamera inabidi aione karatasi hiyo kabla ya siku ya kipimo.